Kaye ya Mukulima: Namna ya Kuchunga Hesabu ya Shamba na Soko

Wandugu wakulima, ninyi munaokaa katika vijiji vilivyo karibu na miji ya shaba, ninyi munaopeleka mahindi, mihogo, maharagi na makala Lubumbashi, Likasi na Kolwezi, ninataka kuwauliza neno moja. Mwaka huu feza ngapi imeingia katika mikono yenu? Na imekwenda wapi?

Watu wengi nikiwauliza hivi wanacheka. Wanajibu: «Moniteri, feza ilikuja, feza ilikwisha.» Hilo si jibu. Mutu anayefuga mbuzi anajua hesabu ya mbuzi wake. Jioni akikosekana mbuzi mumoja, anawasha taa, anakwenda kumutafuta. Lakini feza ikikosekana haendi kuitafuta, kwa sababu hajui kama imekosekana.

Hayo ndiyo maneno ya somo hili. Nitawaonyesha namna ya kuandika feza inayoingia na feza inayotoka, ili mujue kazi gani inawalisha, na kazi gani inawala ninyi.

I. Kwa sababu gani feza ya miji ya shaba inadanganya

Shamba lenu limefungwa kwa kamba na mashimo ya shaba. Mwaka wa 1910 njia ya reli ilifika Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo. Mwaka wa 1911 tanuru ya Lubumbashi ilianza kuyeyusha shaba. Tangu siku zile wafanyakazi wa shaba wanakula chakula kilicholimwa na watu wengine. Zamani kompani ya Union Minière iliwagawia wafanyakazi wake posho ya unga. Leo mufanyakazi ananunua unga sokoni kwa mushahara wake. Mushahara ukiwa mwema, unga wenu una bei njema. Mushahara ukikosekana, unga wenu unarudi nyumbani juu ya kinga.

Na mushahara wenyewe unafuata bei ya shaba. Bei ile haitengenezwi kwetu, inatengenezwa mbali, zaidi katika soko la madini la London. Angalieni mambo yaliyopita. Katika mwezi wa saba wa mwaka 2008, tani moja ya shaba ilipita dola 8.000. Mwisho wa mwaka ule ule ilikuwa karibu dola 3.000 tu. Kompani nyingi za Katanga zilisimamisha kazi, wafanyakazi wakafukuzwa. Mbele ya hapo, mwaka wa 1990, shimo la Kamoto karibu na Kolwezi lilibomoka, na katika miaka iliyofuata Gécamines ilianguka sana, hata wafanyakazi wakakaa miezi mingi bila mushahara. Mwaka wa 2025 Serikali ilizuia kobalti isitoke inchini tangu mwezi wa pili hata mwezi wa kumi, kwa sababu bei yake ilikuwa imeshuka mno.

Siwaambii mambo haya ili muogope. Ninawaambia ili mujue kwamba mwaka mwema haukai. Kaye haiwezi kupandisha bei ya shaba. Lakini wakati feza ni nyingi, kaye inakuonyesha sehemu gani ni yako ya kula, na sehemu gani ni mbegu ya mwaka unaokuja.

II. Kaye yenyewe

Nunua kaye moja kama ile ya watoto wa shule, na kalamu moja. Kaye hiyo isiwe ya masomo ya watoto, wala ya nyimbo. Iwe ya feza tu. Ifunge katika mufuko wa plastiki, uiweke mahali pakavu, mbali na panya na mvua.

Katika kila ukurasa piga mistari, upate sehemu tano: tarehe; jambo; feza iliyoingia; feza iliyotoka; feza iliyobaki. Huu ni mufano wa mama mumoja anayenunua mahindi, anayasaga, na kuuzisha unga kambini. Bei ninazoandika hapa ni za mufano tu. Bei za kwenu muziandike ninyi wenyewe.

Tarehe 3. Feza ya kuanzia katika sanduku. Imebaki faranga 50.000.
Tarehe 3. Kununua mahindi, mufuko mumoja. Imetoka 30.000. Imebaki 20.000.
Tarehe 4. Mashini ya kusaga. Imetoka 3.000. Imebaki 17.000.
Tarehe 5. Njia, kwenda na kurudi. Imetoka 4.000. Imebaki 13.000.
Tarehe 5. Kuuzisha unga. Imeingia 44.000. Imebaki 57.000.
Tarehe 5. Sabuni na chumvi za nyumba. Imetoka 5.000. Imebaki 52.000.

Sasa tusome. Mama huyu akirudi kutoka sokoni na faranga 44.000 mukononi, jirani anasema: «Leo umepata elfu makumi ine na ine!» Si kweli. Unga ule ulimumaliza 37.000, ndiyo mahindi, mashini na njia. Faida yake ni 7.000. Katika 7.000 hizo nyumba imekula 5.000. Zilizozidi sandukuni ni 2.000 tu. Kama siku ile angenunua kitenge cha 15.000, angesema ametumia faida yake. Lakini angekuwa amekata feza ya kununua mahindi ya juma lijalo. Ndivyo biashara ndogo nyingi zinavyokufa. Hakuna mwizi aliyeingia. Mwenyewe alikula feza ya kuanzia, naye alifikiri anakula faida.

Shika sheria tatu hizi.

Ya kwanza: andika siku ile ile. Ukingoja siku tatu, utasahau maneno madogo, na maneno madogo ndiyo yanayotoboa sanduku.

Ya pili: andika vyote, hata chakula ulichokula njiani, hata ushuru wa soko, hata feza inayokatwa ukituma kwa telefone. Feza ya telefone haionekani kwa macho, lakini makato yake ni feza iliyotoka.

Ya tatu: kisha kuandika, hesabu feza iliyo sandukuni kwa mukono. Kama kaye inasema 52.000 na sanduku lina 49.000, usifute kaye ili ilingane na sanduku. Tafuta 3.000 zilipokwenda. Usipoziona, andika: «Zimepotea 3.000.» Mutu anayeandika kosa lake mara tatu hatalifanya mara ya ine.

III. Hesabu ya mavuno

Hesabu ya soko ni ya juma. Hesabu ya shamba ni ya mwaka muzima, na kwa sababu hiyo inadanganya kupita ile. Feza inatoka katika mwezi wa kumi na wa kumi na moja, mvua ikianza. Inarudi katika mwezi wa tano na wa sita. Katikati mutu amesahau.

Tuseme mutu mumoja amevuna mifuko kumi ya mahindi. Katika mwezi wa tano motokari inapita kijijini, naye anaipakia yote. Anauzisha mufuko mumoja kwa 30.000. Anarudi na 300.000, na nyumba yote inafurahi. Tuandike sasa feza iliyotoka:

Mbegu: 40.000.
Mbolea: 60.000.
Watu wa kupalilia: 35.000.
Mifuko mitupu kumi: 15.000.
Motokari, kila mufuko 5.000: 50.000.
Ushuru: 10.000.
Chakula na malazi mujini: 10.000.
Jumla: 220.000.

Basi mutu huyu hana 300.000. Ana 80.000. Lakini hajui, kwa sababu hana kaye. Ananunua redio, anamulipa fundi wa nyumba, anawakaribisha ndugu.

Mwezi wa kwanza unafika. Mvua ni nyingi, mahindi ya shamba ni mabichi bado, gala ni tupu. Watoto wanataka bukari. Sharti anunue mifuko mitatu ya kula hata mavuno. Lakini wakati ule kila mutu anatafuta mahindi, na mufuko ni 60.000. Mifuko mitatu ni 180.000. Alikuwa na 80.000, amelipa 180.000. Mwaka wake ni hasara ya 100.000. Ataitoa wapi? Ataomba deni kwa mufanya biashara, naye atamulipa kwa mahindi ya mwaka unaokuja, yakiwa bado shambani, kwa bei ya chini. Tangu siku ile analima shamba la mutu mwingine katika udongo wake mwenyewe.

Tufanye sasa hesabu ya pili. Mutu yule yule, mavuno yale yale, lakini ameweka mifuko mitatu galani na kuuzisha saba. Feza iliyoingia ni 210.000. Feza iliyotoka ni 205.000, kwa sababu motokari imebeba mifuko saba tu na kuchukua 35.000. Imebaki 5.000. Utasema: «Moniteri, 5.000 ni nini?» Ni kidogo, kweli. Lakini mwezi wa kwanza hanunui kitu, wala hana deni. Wa kwanza ana hasara ya 100.000, wa pili ana 5.000 na tumbo lililoshiba. Katikati yao kuna faranga 105.000, na wote wawili walilima sawasawa. Neno lililowatenga ni mifuko mitatu galani.

Lakini angalieni: mahindi ya galani yanataka kazi. Yasiwekwe yakiwa na maji. Yakaushwe juani sana, hata ukiuma punje inavunjika kwa sauti. Gala iinuliwe juu ya udongo, isafishwe, na mahindi ya zamani yenye wadudu yatolewe yote. Kama unatumia dawa ya wadudu, iwe ile ya chakula cha gala, si ile ya pamba wala ya panya, na ufuate kipimo. Mifuko mitatu iliyoliwa na wadudu ni hasara kubwa kupita mifuko mitatu iliyouzishwa kwa bei mbaya.

Kaye inasema neno lingine tena, nalo ni gumu. Katika hesabu ile ya 5.000 sikuandika mikono ya mume na muke wake. Andika siku ulizolima. Kama umefanya siku makumi sita kwa faranga 5.000, kaye inakuuliza: shamba hili la mahindi ni la kuuzisha, ao ni la kula? Pengine ni la kula, na feza itafutwe katika maharagi, katika karanga, ao katika mboga za dembo wakati wa kiangazi. Kwa hiyo kila zao liwe na ukurasa wake. Kisha mwaka mumoja utaona zao gani lilikulipa kwa siku zako. Mimi siwezi kukuambia jibu nikiwa mbali, kwa sababu udongo wako si udongo wa jirani, na njia yako si njia yake.

IV. Madeni

Toa kurasa za mwisho za kaye, uandike madeni. Ukurasa mumoja uwe wa watu unaowadai, na mwingine uwe wa watu wanaokudai wewe. Andika jina, tarehe, kitu, bei, na siku ya kulipa. Aliyekopa akubali mbele yako, aweke alama yake.

Angalieni zaidi madeni ya wachimbaji. Muchimbaji si mutu mubaya. Anakula leo, anauzisha mawe yake juma lijalo. Lakini bei ya mawe ikianguka, ao shimo likifungwa, anahamia shimo lingine usiku, na unga wako unahama naye. Weka mupaka: jumla ya madeni yote isipite faida yako ya mwezi mumoja. Mama wa unga aliyekopesha feza yake ya kuanzia si mufanya biashara tena. Anangoja tu.

Kama uko katika likelemba, andika vilevile: siku unayotoa, na siku unayopokea. Zamu yako ikifika feza ni nyingi, lakini si faida. Ni feza yako mwenyewe inayorudi.

V. Vikopo vitatu

Kisha kuuzisha, gawanya feza mbele ya kulala. Tafuta vikopo vitatu ao mifuko mitatu midogo.

Kikopo cha kwanza ni cha kazi: mbegu, mbolea, mifuko, njia, mahindi ya kununua. Hiki kinajazwa mbele ya vingine. Hakifunguliwi kwa kilio wala kwa arusi.

Kikopo cha pili ni cha nyumba: chumvi, sabuni, nguo, feza ya shule.

Kikopo cha tatu ni cha shida: ugonjwa, kifo, mwaka mubaya wa shaba. Hata 500 kila soko ni mwanzo.

Na feza ya kukaa miaka mingi, usiiache yote katika karatasi. Wazee wanakumbuka. Mwaka wa 1993 zaire mupya moja ilichukua nafasi ya zaire 3.000.000 za zamani. Mwaka wa 1998 faranga moja ya Kongo ilichukua nafasi ya zaire mupya 100.000. Watu waliozika noti chini ya kitanda walichimbua karatasi za kuwashia moto. Mwenye mbuzi alibaki na mbuzi, mwenye mabati alibaki na mabati. Kwa sababu hii, kisha kuvuna, geuza sehemu moja kuwa vitu visivyooza. Na ukiuzisha kwa dola, andika siku ile dola moja ilikuwa faranga ngapi, la sivyo hesabu ya mwisho wa mwaka itakudanganya.

VI. Kipimo

Mununuzi anayekuja kijijini ana meka yake. Pengine meka ya kununulia ina tumbo kubwa kupita meka ya kuuzishia. Usigombane naye. Pima mufuko wako nyumbani kwa meka yako wewe, uandike: «Mufuko mumoja, meka kadha wa kadha.» Akipima na hesabu yake ikipungua, una neno la kumujibu. Na kama wakulima wa kijiji wanaandika wote, wanaweza kupakia motokari moja pamoja na kugawanya bei ya njia sawasawa.

VII. Kaye ni ya nani?

Kaye ni ya nyumba. Mume asiifiche muke wake, wala muke asiifiche mume wake. Muke analima, anapalilia, anabeba, na mara nyingi ndiye anayesimama sokoni. Kama yeye hajui feza ilipokwenda, ni nusu ya kichwa cha nyumba iliyolala. Na mume akifa, mujane asiye na maandishi anaweza kuambiwa na ndugu za mume: «Hiki kilikuwa cha kaka yetu.» Kaye yenye tarehe inayoonyesha feza ya nani ilinunua kinga na mabati haimalizi shauri lote, lakini inamupa neno la kusema mbele ya wazee.

Kama hujui kuandika, usiseme: «Maneno haya ni ya watu wa shule.» Mutoto wako aandike, nawe useme. Ao tumia chupa mbili na punje za maharagi: faranga 1.000 zikiingia, tia punje moja nyekundu katika chupa ya kwanza, 1.000 zikitoka, tia punje moja nyeupe katika chupa ya pili. Mwisho wa mwezi, mimina, panga punje kwa mistari miwili. Mustari mweupe ukipita mwekundu, unakula nyumba yako.

VIII. Maswali ya mwisho wa mwaka

Katika mwezi wa sita, mavuno yakiisha, kaa na watu wa nyumba yako, mufungue kaye, mujibu maneno haya matano:

1. Zao gani ao kazi gani ilituletea faida kupita zingine?
2. Kazi gani ilitula?
3. Mifuko ngapi inatutosha kula hata mavuno yanayokuja, na je, iko galani?
4. Nani anatudai, na sisi tunamudai nani?
5. Feza ya mbegu ya mwezi wa kumi iko wapi leo?

Neno la tano ndilo kubwa. Kama unaweza kuweka kidole juu ya feza ile na kusema: «Iko hapa,» mwaka wako unaokuja umeanza vema, hata bei ya shaba ikianguka.

Anzeni jioni ya leo, hata kwa mustari mumoja. Nikipita tena katika kijiji chenu sitaomba kwanza kuona shamba. Nitaomba kuona kaye, kiisha tutakwenda shambani pamoja.